Vidonge vya Mama Mdogo na Hesabu za Kidato cha Tatu

Kimya kingi, najua, na meseji za "vipi umedisko?" nimezipata zote, ahsanteni kwa upendo wenu, teh teh. Sijadisko. UE zimeisha wiki iliyopita, hapa Dodoma upepo unatumwagia vumbi kama kawaida yake, chumbani tumebaki wawili, na nimepata nafasi ya kuandika jambo ambalo nimekuwa nikiliahirisha tangu nitoke BTP. Waliozoea umbea wa kampasi wanivumilie, leo ni mambo ya shingo na kalsiamu.

Kwa wageni: nasoma ualimu wa sayansi, Kemia na Baiolojia, nyumbani ni Kibondo. Mazoezi ya kufundisha niliyaombea Kasulu makusudi kabisa, nikae karibu na nyumbani lakini nisilale nyumbani. Mnaelewa. Ukilala nyumbani kila mtu ana kazi ya kukutuma.

Sasa mama mdogo wangu alikuwa na rovu. Goita, kwa wale wa mjini. Mimi nimezaliwa nimelikuta, nikiwa mdogo nilidhani kina mama wote wa umri wake wanakuwa nalo. Ukanda wetu ule wa juu, kuanzia Buhigwe na Kasulu hadi Kibondo na Kakonko, shingo nene si kitu cha kugeuza watu barabarani. Mvua za miaka na miaka zimeosha madini joto kwenye udongo wa milima, na sisi tunakula tunacholima. Muhogo nao una mkono wake, hasa usipolowekwa na kukaushwa vizuri, kwa sababu kuna kitu ndani yake kinagombania nafasi na madini joto mwilini. Mama mdogo anakumbuka kumezeshwa shuleni vile vidonge vya mafuta yenye madini joto vilivyoanza kugawiwa miaka ya 1980, na kwenye miaka ya 1990 ndipo ikaja amri ya kuweka madini joto kwenye chumvi yote. Kichekesho ni kwamba mkoa wetu una chumvi yake, Uvinza pale, iliyokuwa inabebwa na misafara tangu kabla ya Mjerumani. Lakini chumvi kuwa ya nyumbani si sawa na chumvi kuwa na madini joto, na ile ya kupimiwa kwa kopo sokoni huwezi kujua imepitia wapi.

Kwake yeye chumvi ilishachelewa. Rovu lilifika mahali pa kumbana koo, akawa analala ameegemea mito mitatu, akimeza ugali anasimama kwanza kupumzika. Ikaandikwa rufaa, akaenda hospitali moja kubwa nje ya mkoa, wakatoa tezi yote, pande zote mbili. Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Kovu lake limekaa kama mkufu, ukimwona kanisani na kitenge kimefika juu hujui kama aliwahi kukatwa.

Alirudi Kibondo na vidonge vya aina mbili na karatasi yenye mistari miwili. Kidonge kidogo, kimoja kila asubuhi, maisha yote: hiyo ni homoni ya kuchukua nafasi ya tezi iliyotolewa. Vidonge vikubwa, viwili mara tatu kwa siku: kalsiamu. Maelezo aliyapewa na mdogo wangu (binti yake, ndiye aliyemsindikiza) pale koridoni, watu wamepanga foleni nyuma yao, kwa muda ambao mwalimu wa zamu anatumia kusoma matangazo. Kilichobaki kichwani mwao ni hiki: kidogo ndio dawa, vikubwa ni vya kutia nguvu.

Na hapo ndipo penye shida yote jamani. Kwetu kalsiamu tunaijua kama kitu cha wajawazito na wazee wa magoti. Ukisema "kalsiamu" mtu anasikia "vitamini", na vitamini ni kitu cha hiari, unakunywa ukiwa nacho.

Boksi la hospitali liliisha baada ya kama siku kumi. Mdogo wangu akaenda na boksi tupu duka la dawa, duka silitaji. Akaambiwa hizo hakuna, ila kalsiamu nyingine ipo, tena ya bei rahisi, inahesabiwa kutoka kwenye kopo kubwa na kutiwa kwenye bahasha ndogo ya karatasi. "Ni ile ile." Akahesabiwa, juu ya bahasha wakaandika 2x3 kama ilivyokuwa. Mama mdogo akaendelea kumeza kwa uaminifu mkubwa, hakuruka hata siku moja. Nalisema hili kwa sababu baadaye kuna watu walimsema kwamba ni mzembe wa dawa. Hakuwa mzembe.

Siku ya tatu midomo ikaanza kufa ganzi. Akasema ni pilipili. Siku ya nne vidole, kama siafu wanatembea chini ya ngozi. Usiku wa kuamkia Jumamosi mikono yote miwili ikajikunja: vidole vimenyooka na kubanana pamoja, kidole gumba kimeingia kiganjani, kiwiko kimekunjwa, na haikunjuki hata ukiivuta. Miguu ikakaza. Akili zake anazo, anaongea, ila sauti inatoka kwa kukwama. Majirani walikuja. Mwenye kusema degedege, mwenye kusema jini, mwenye kusema ndio gharama ya kukatwa shingo. Mmoja alianza maombi hapo hapo kwa sauti. Nawashukuru kwa kuja, kwa kweli, ni wao waliotafuta bodaboda mbili usiku ule. Mdogo wangu alinipigia saa nane na robo, mimi niko Kasulu kwenye chumba cha kupanga, najua Baiolojia yangu yote ya mwaka wa pili na haina faida yoyote kwa mtu aliye mbali hivyo na gari la kwanza ni asubuhi. Nilimwambia kitu kimoja tu: wakifika waseme neno la kwanza kabisa, "ametolewa tezi ya shingo wiki mbili zilizopita." Wasianze na degedege.

Walisema. Daktari wa zamu (kijana tu, mdogo wangu anadai ni umri wangu) alimfunga kile kitambaa cha kupimia BP, akakipuliza na kukiacha kimebana dakika kama tatu. Mkono uliokuwa umeanza kulegea ukajikunja tena mbele ya macho yao. Akagonga kwa kidole shavuni, mbele kidogo ya sikio, pembe ya mdomo ikaruka. Hakusubiri zaidi. Wakamwekea kalsiamu kwenye mshipa, polepole sana huku wakifuatilia moyo, kwa sababu ikikimbizwa inaweza kuuvuruga moyo. Kabla hakujapambazuka mikono ikafunguka. Mama mdogo anasema ilikuwa kama mtu ameachia kamba.

Nilifika mchana. "Shikamoo mama mdogo." "Marahaba mwalimu, umekuja kunisimamia mtihani?" Nikajua amerudi.

Daktari alitukalisha chini akaeleza, na naeleza hapa kama alivyoeleza maana sijaona mahali pengine pameeleweka hivi. Nyuma ya tezi ya shingo kuna tezi nyingine nne ndogo, kila moja kama punje ya mchele. Hazihusiki na rovu kabisa, ni wapangaji tu kwenye nyumba hiyo. Kazi yao ni kulinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu, na kalsiamu hiyo ndiyo inayotuliza mishipa ya fahamu na misuli. Mpasuaji anajitahidi kuzibakiza, lakini zinafanana na mafuta ya pale shingoni, na mishipa inayozilisha damu ni myembamba mno. Zikitikiswa zinazimia. Wengi zinaamka baada ya wiki au miezi kadhaa. Wachache haziamki tena. Mifupa ina kalsiamu tele, ila mwenye ufunguo wa ghala amezimia, kwa hiyo damu inabaki kutegemea unachomeza kila siku.

Sasa, kama alikuwa anameza, imekuwaje? Daktari akaomba kuona bahasha na boksi la zamani. Mdogo wangu alikuwa navyo vyote kwenye pochi. Boksi la zamani: kalsiamu kaboneti miligramu 1250. Kwenye bahasha, kwa bahati nzuri, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: kalsiamu lakteti 300.

Nilikopa kalamu nikakaa kwenye benchi la wodi. Haya ni mambo ya kidato cha tatu, wadau, mole concept, ile mada ambayo wote tuliuliza "hii itanisaidia nini maishani?" Kaboneti: kalsiamu 40, kaboni 12, oksijeni tatu 48, jumla 100. Maana yake asilimia 40 ni kalsiamu yenyewe, basi kidonge cha 1250 kina 500. Lakteti, pamoja na maji matano yaliyoshikamana nayo, uzito wake ni 308. Arobaini gawanya kwa 308 ni kama asilimia 13. Kidonge cha 300 kina miligramu 39.

Vidonge sita kwa siku vya kwanza: 3000. Vidonge sita kwa siku vya pili: 234.

Jina moja, "kalsiamu". Idadi ile ile, 2x3. Na mwili umekatiwa zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi. Ili kufikia kile alichoandikiwa kwa vile vya bahasha angepaswa kumeza vidonge 77 kwa siku! Bibi, aliyekuwa ameleta uji, alisema si anywe maziwa tu. Nikapiga na hiyo: glasi moja ya maziwa ina kama miligramu 300, basi glasi kumi kila siku. Bibi akasema ng'ombe mwenyewe hatoi hizo. Na dagaa wetu wa Kigoma, wanaoliwa na mifupa yao, ni wazuri kweli kwa kalsiamu, waleni, ila chakula kinamtosha mtu mwenye zile punje nne zinazofanya kazi. Kwa mama mdogo ni nyongeza.

Kulikuwa na jambo la pili, ambalo daktari alilipata kwa kuuliza tu "unavimeza saa ngapi?" Akajibu bila wasiwasi: kidonge kidogo na viwili vikubwa vya asubuhi alivimeza pamoja kwa mkupuo, alfajiri, "nimalize kazi". Kumbe vikikutana tumboni kalsiamu inaikamata ile homoni na kutoka nayo, unakuwa umemeza vyote na umepata nusu nusu. Inatakiwa saa nne katikati yake. Halafu kaboneti inataka tindikali ya tumbo ili iyeyuke, kwa hiyo inamezwa na chakula, wakati kile kidogo kinataka tumbo tupu. Wanaotumia dawa za kupunguza asidi kama omeprazoli lazima wamwambie daktari, maana kaboneti inaweza isiyeyuke vizuri, na kuna kalsiamu ya aina nyingine, sitreti, isiyotegemea sana asidi.

Akamwongezea pia kidonge cha tatu, vitamini D iliyokwisha kutengenezwa tayari. Nikauliza, kwa ujuaji wangu wa mwaka wa pili, si jua la Kibondo linatosha? Akacheka. Jua linatengeneza malighafi, figo ndiyo inayoikamilisha, na figo inapokea amri kutoka kwa zile zile tezi nne zilizozimia. Bila hiyo kalsiamu nyingi unayomeza inapita tu na kwenda chooni.

Jumapili nilifanya kitu pekee ninachokijua vizuri. Nilinunua karatasi ya manila na maka peni, nikachora ratiba ya vipindi. Saa 12 asubuhi: kidogo, na maji matupu. Saa 1: uji. Saa 4 na nusu: vikubwa viwili, pamoja na chai na kitafunwa. Saa 8 na nusu: viwili, katikati ya ugali. Saa 2 usiku: viwili, na chakula cha usiku. Chini nikachora mdomo na vidole na kuandika: VIKIFA GANZI, USILALE NAYO, HOSPITALI. Mdogo wangu akabandika ndani ya mlango wa chumba. Mama mdogo alilalamika kwamba nimemfanya mwanafunzi wa bweni, lakini saa 4 na nusu ikifika anaacha jembe. Alilalamika zaidi kuhusu choo kigumu, ambacho vidonge hivi vinaleta kweli, na papai na maji vimemsaidia.

Jumatatu niliwapa kidato cha tatu swali ubaoni. Mgonjwa ameandikiwa hiki, amepewa hiki, amepungukiwa kiasi gani kwa siku? Sikusema ni nani. Darasa ambalo wiki iliyotangulia lilikuwa linasinzia kwenye moles za magnesi lilikaa kimya cha kuandika. Kijana mmoja wa nyuma akauliza, "Madam, si angekula chaki tu?" Wakacheka wote, nami nikacheka, kisha tukalifanya kuwa swali: chaki nyingi za siku hizi ni jasi, yaani kalsiamu salfeti, si kaboneti, na kiwanda cha chaki hakimtengenezei mtu wa kumeza. Halafu binti mmoja wa mbele, ambaye sikuwahi kumsikia akiongea tangu nifike, akaweka kalamu chini. "Madam, huyo mgonjwa alipona?" Nikasema yuko hai na anapalilia maharage. Akaandika jibu lake, 2766. Alipata.

Msimamizi wangu kutoka chuo hakuwepo siku hiyo, bila shaka. Alikuja siku ya utangulizi wa somo la chumvi na alkali, ndiyo bahati yangu.

Ugumu uliobaki ni wa kawaida kabisa: kupatikana. Sita kwa siku ni 180 kwa mwezi, na maduka ya kwetu hayaweki dawa ambayo mteja wake ni mmoja. Kasulu mjini nilikuwa navipata, si kila wiki, nikawa natuma kwa kondakta wa basi, kifurushi kimeandikwa jina na namba ya mdogo wangu. Tulikubaliana mambo mawili. La kwanza, mtu asikubali "ni ile ile" bila kusoma kama ni kaboneti na ina kalsiamu kiasi gani, maana hata maboksi yenyewe yanachanganya, mengine yanaandika 1250, mengine 500, na ni kitu kimoja. La pili, kuna kopo la kahawa juu ya kabati lenye vidonge vya siku saba ambavyo havishikwi mpaka vile vya kawaida viwe vimekwisha. Likifunguliwa tu, naambiwa siku hiyo hiyo.

Baada ya miezi miwili alipimwa damu (safari nyingine hiyo, kipimo hakipo kila mahali) wakamshusha kutoka sita hadi vinne, baadaye viwili, wakipima kila hatua. Hashushi mwenyewe. Kuzidisha nako kuna ubaya wake, hasa na ile vitamini D, mawe ya figo na mengineyo, ndiyo maana hata siku akijisikia mzima kabisa anaenda na karatasi yake. Inaonekana angalau baadhi ya zile punje zimeanza kuamka. Kile kidogo cha asubuhi ni mpaka kaburini, na kwa hicho hana ugomvi.

Ninayemuwaza zaidi sasa ni jirani yake, mama wa watoto watano, mwenye rovu kubwa kuliko lile la mama mdogo. Alikuwa na barua ya rufaa tayari. Alikuwepo usiku ule, aliishika taa. Asubuhi yake aliirudisha barua kwenye sanduku chini ya nguo, na mumewe akasema hakuna mtu wa nyumba hii atakayekatwa shingo. Nilipokwenda likizo ya Krismasi nilimkuta amekaa na mama mdogo barazani, saa 4 na nusu hiyo, anamwangalia anavyomeza. Hatukuongelea upasuaji hata neno. Aliomba boksi, akaligeuza geuza, kusoma anajua, akasoma taratibu pale palipoandikwa kaboneti. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, hivi ukiwa Dodoma, hizi huko zipo nyingi?"

Nikamwambia zipo. Wiki hii boom likiingia nanunua boksi za watu wawili.